Saa ya Kidege Aliyopewa Mwenzangu

Nilianza kuipenda saa ya Bibi siku ile ile alipopewa mtu mwingine. Kabla ya hapo nilikuwa naiona kama mtu aonavyo pua yake: ipo, haisumbui, haina habari. Lakini Bibi alipoivua na kuinyoosha upande usiokuwa wangu, wallahi nilihisi kama nimeng'olewa jino.

Nieleze kwanza saa yenyewe, ili mjue nilichonyang'anywa. Ni saa ya kike, ya zamani, ndogo kama kifungo cha kanzu. Haina betri. Uso wake umefifia mpaka umekuwa rangi ya chai iliyozidi maziwa. Juu, chini kidogo ya kumi na mbili, pamechorwa kidege kilichotanua mabawa. Hiyo ndiyo alama ya kiwanda, na nyumbani hatukuhangaika na jina lake la Kizungu. Tuliiita saa ya kidege, basi. Chini ya kidege kuna maandishi madogo kama mayai ya sisimizi: jina la duka lililoiuza, halafu neno Mombasa. Mishale yake ni myembamba kama ndevu za uduvi. Ukitaka kujua ni saa ngapi utaona. Ukitaka kujua dakika, inabidi uombe ruhusa.

Kila asubuhi, akishamaliza kusali, Bibi huitia ufunguo. Hukamata kile kitufe chenye meno pembeni na kukizungusha polepole, mara ishirini na mbili, midomo ikihesabu kama anavuta tasbihi. Ukimsemesha katikati hakujibu. Niliwahi kumsemesha makusudi, "Bibi, kumi na nane au kumi na tisa?" na siku hiyo sikupata mahamri.

Kwetu mjukuu wa kike ni mke mwenza wa bibi yake. Ni utani wa tangu na tangu, na mimi niliuchukua kama kazi ya mshahara. Babu alifariki kabla sijazaliwa, lakini picha yake iko ukutani, na kofia yake ya vito iliyodariziwa kwa mkono na mwanya wake wa mbele, na mimi kila nikitoka shule humsalimu kwanza yeye. "Mume wetu," humwambia, "leo huyu mzee amekupikia nini?" Bibi naye hujibu kutoka jikoni, "Mwambie amekupikia wewe talaka." Picha ikipinda nasema mume wetu amekasirika, Bibi anasema la, amechoka kunitazama meno. Mara mia amenambia, "Nikifa, mke mwenzangu, vyangu vyote vitakuwa vyako, pamoja na maumivu ya magoti." Mimi katika hesabu zangu magoti niliyaruka, saa niliiandika juu kabisa.

Sasa ndiyo aingie huyo aliyepewa.

Ni binti wa shangazi yangu. Wanakaa Kizingo, kwenye ile nyumba ambayo kutoka lango mpaka mlango unaweza kumaliza kula embe. Amenizidi mwaka mmoja. Yeye yuko kidato cha nne, mimi cha tatu. Ni mpole, ni mrefu, huwa wa kwanza darasani, na akija kwetu huosha vyombo bila kuambiwa. Hiyo ya vyombo ndiyo dhambi yake kubwa, kwa sababu akishaondoka mimi husomewa mashtaka wiki nzima. Mkononi alikuwa na saa ya kisasa, nyeusi, inayohesabu hatua na mapigo ya moyo. Kizingo hata kwenda kununua chumvi wanapanda gari. Sasa hizo hatua alikuwa akizihesabu za kutoka kitandani kwenda kochini?

Alikuja Jumamosi moja ya likizo, alasiri, tukawa tunakula viazi vya karai pale chini ukumbini. Akasema, bila nia mbaya yoyote, maana huyu nia mbaya hajawahi kuwa nayo na ndilo tatizo lake, kwamba mtihani wa mwisho umekaribia na shuleni wamekataza saa zote za kisasa ndani ya chumba cha mtihani. Anayetaka kuvaa saa avae ya kawaida, isiyojua kusema na mtu.

Bibi akaweka kiazi chake kwenye sahani. Akajifuta vidole. Akaifungua saa ya kidege mkononi, hivyo tu, kama mtu anayefungua mlango wa mbuzi.

"Chukua hii."

"Bibi, hapana, siwezi," binti akasema, mikono miwili kifuani.

"Waweza. Mkono si unao?"

"Lakini ni ya Babu."

"Babu yako alikuwa na saa yake, kubwa kama sahani. Hii ni ya kike. Nimekupa."

Nikasubiri mtu aseme anatania. "Na mimi?" nikauliza.

"Wewe una mtihani?"

"Nina mtihani wa kila siku wa kuishi na wewe."

"Huo ushaanguka zamani," Bibi akasema, akachukua tena kiazi chake.

Binti wa shangazi akacheka, na mimi nikacheka, maana mimi ndiye mcheshi wa ukoo huu na mcheshi akinuna watu humuuliza kama anaumwa. Lakini viazi vyangu viligeuka udongo mdomoni. Na kilichonimaliza kabisa kilikuja mwisho. Bibi alisema asiichukue siku hiyo. Kwanza iende kwa fundi ikaoshwe ndani na kubadilishwa mkanda, ule wa zamani ulikuwa umekatikakatika.

"Mke mwenzangu ataipeleka," akasema, akinionyesha mimi kwa kidevu.

Yaani mimi nimpambie bi harusi ambaye ameolewa na mchumba wangu.

Mgeni alipoondoka (vyombo vikiwa vimeoshwa, bila shaka) nikamkabili Bibi. Nikamwambia nitamshtaki kwa mume wetu. Nikaenda nikasimama mbele ya picha na kuanza, "Mume wetu, sikiliza uone huyu mkeo mkubwa alivyo na upendeleo." Kwa kawaida angenitupia ndara. Safari hii aliniita, "Ndoo hapa, kaa."

Nikakaa.

"Ile saa si yangu," akasema. "Nimeiiba."

Hapa nirudi nyuma kidogo. Babu alikuwa na wake wawili; hilo si siri, mtaa mzima unajua. Bibi yangu ndiye mke mkubwa. Mke mdogo alikaa Tononoka, naye ndiye aliyemzaa shangazi, yule mama wa binti wa Kizingo. Alifariki nikiwa mdogo. Ninachomkumbukia ni harufu ya asumini na peremende. Babu, kwa maelezo ya wote, alikuwa mtu wa haki mpaka akachosha. Akinunua leso doti moja kwa huyu, anunua doti nyingine ya rangi ile ile kwa yule. Akipata samaki mzuri sokoni, humtafutia pacha wake. Siku alipopata bakshishi ya kazi yake bandarini alikwenda duka la saa la Ndia Kuu, akanunua saa mbili za kidege, sawasawa, siku moja, na akazipeleka siku moja ili asiwepo mtu wa kusema yangu ilichelewa.

"Zilikuwa sawa kama mato mawili usoni," Bibi akasema. "Lakini yake ilikuwa nzuri zaidi."

"Si zilikuwa sawa?"

"Sawa, ndiyo. Lakini yake ilikuwa ikilia kwa raha. Tik-tik, tik-tik, kama mtu aliyeshiba. Yangu ilikuwa ikinung'unika. Nikisema na babu yako, aniambia we mwanamke umepungukiwa. Mimi naijua saa yangu bwana."

Basi ikatokea harusi, na wake wote wawili wakawa jikoni, na ilipofika wakati wa kusali wakaenda kutawadha pamoja. Wakavua saa zao, wakaziweka juu ya ukingo wa birika, lile tangi la maji la kujengwa. Bibi alimaliza kwanza. Akanyoosha mkono. Akachukua iliyoshiba, akaacha iliyokuwa ikinung'unika.

"Hakujua?"

"Hakujua, maskini wa Mungu. Na kila tulipokutana, harusini, matangani, kwenye Idi, alikuwa akiniuliza, 'Dada, saa yako yasemaje?' Na yeye saa anayo mkononi! Aniuliza mimi, kwa upole, huku akitabasamu. Mwiba ulikuwa ukinichoma hapa." Akajigusa chini ya titi. "Amekufa sijamwambia. Leo mjukuu wake amekaa mbele yangu ahitaji saa. Nifanyeje? Haki ya mwenzangu irudi kwao."

Mtu mwema angeishia hapo. Angesema Bibi yangu ana roho safi, saa iende. Mimi nilichosikia ni kwamba, haya, nimenyimwa saa ya wizi. Wivu wangu ukawa na sababu mbili badala ya moja. Nilimwonea wivu binti wa shangazi kwa kupewa, na nikamwonea wivu yule marehemu kwa kuwa na bibi yangu moyoni miaka yote hiyo, huku mimi nimejikalia nikidhani ndimi mke mwenza peke yangu.

Kesho yake mchana nikajilaza na simu kutafuta habari za kile kiwanda. Sitaki kusema uongo: nilikuwa nikitafuta neno feki. Kama siipati, angalau iwe takataka. Nilitaka niweze kumwambia binti wa shangazi, siku akiivaa, "Pole, dada, nasikia hizo zilikuwa zikitolewa bure kwenye majani ya chai."

Nikakuta mambo ambayo hayakunisaidia hata kidogo. Kiwanda kilikuwa kwenye bonde moja la milimani Uswisi, ambako theluji ikianguka wakulima hukosa la kufanya miezi na miezi. Basi walikaa dirishani wakichonga vyuma vya saa, huyu gurudumu, yule parafujo, na theluji ikiyeyuka mtu anapita nyumba kwa nyumba kuvikusanya. Baadaye wakajenga kiwanda, na sehemu za saa za kike wakawapa wanawake waziunge, kwa kuwa mashine yote ya ndani haizidi ukucha wa kidole gumba. Walijivunia saa ndogo kuliko kubwa. Kubwa, walisema, hata mhunzi aweza. Walipeleka saa zao bandari za mbali, na mwenye duka akiagiza nyingi kidogo walimchapia jina la duka lake juu ya uso wa saa, chini ya kidege. Ndiyo maana ile yetu ina neno Mombasa. Mwanamke fulani, kwenye theluji mpaka magotini, amekaa na kuchapa neno Mombasa kwa herufi za sisimizi, na hajui hata joto letu linafananaje.

Halafu zikaja saa za betri, rahisi, zisizotaka mtu kuhesabu ishirini na mbili. Kiwanda kikafungwa. Jina likauzwa kwa watu wengine, na leo kidege kile kinabandikwa juu ya saa zinazomwagwa na mitambo kama njugu. Lakini zile za kwanza, zilizoungwa na wale wanawake, watu wanazitafuta. Na ya kwetu, kwa kila dalili, ni ya kwanza. Tena nyuma pameandikwa kwamba ndani ina vito kumi na saba. Rubi! Nikaketi. Bibi yangu amebeba rubi kumi na saba mkononi na anakwenda kuzigawa Kizingo, mahali ambapo hata paka wao ana daktari.

Jumatatu nikaenda kwa fundi.

Kibanda chake kiko kwenye uchochoro unaotokea Ndia Kuu, kipana sawa na mlango wake, na yeye mwenyewe kakaa humo kama jino. Amerithi kazi kwa baba yake. Lile duka la saa lililotajwa kwenye uso wa kidege halipo tena; palepale sasa wanauza vinyago vya twiga kwa watalii. Fundi naye siku hizi hula kwa kubadilisha betri na vioo vya simu, lakini umletee saa ya ufunguo uone atakavyojifuta mikono kwanza.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo ni ya bibi yako."

"Umeijuaje?"

"Saa nazijua kuliko wenyewe."

Nikaegemea meza. "Fundi, nambie ukweli, mimi si mtoto. Haifai, sivyo? Sema tu imekufa, nitaelewa."

Akaiweka sikioni, akafumba macho. "Hii? Hii itakuzika wewe."

Nikamuuliza kuhusu rubi. Akacheka mpaka kile kioo chake cheusi cha kukuzia, alichokibana jichoni, kikaanguka. Ni rubi kweli, akasema, za kutengenezwa, kila moja ndogo kuliko yai la chawa, zimewekwa ili vyuma visilane. "Ukiziuza zote kumi na saba utapata nauli ya kwenda. Kurudi utembee." Nikaziaga rubi zangu pale pale.

Akachukua kijisu chembamba, akakitia pembeni, mgongo wa saa ukabanduka. Akanikopesha kioo cha jicho nitazame. Ndani kulikuwa na kitu kinachohema. Sina neno jingine. Gurudumu moja, jembamba kama unywele, lilikuwa likienda na kurudi, likienda na kurudi, na chini yake kamani, ule utepe wa chuma unaobeba nguvu yote, umejikunja kama mtoto aliyelala. Nikasahau kidogo kuwa nina hasira. Kidogo tu.

"Sasa tazama huku," fundi akasema, akigeuza kile kifuniko cha nyuma. Kwa ndani kilikuwa na mikwaruzo midogo midogo ya sindano. "Fundi akiosha saa huacha alama yake humu. Hizi zote mkono wa baba. Na hii hapa, waiona? Nukta."

"Naiona. Moja."

"Basi. Mke mkubwa."

Nikamwangalia.

"Hujui? Zamani waume wa mji huu walikuwa wakinunua jozi. Mwenye wake wawili anunua saa mbili sawa, aje nazo hapa siku ile ile baba azipime mikanda. Baba akaona haya ni makubwa, siku moja nitampa huyu ya yule na nyumba mbili ziungue. Ndiyo akawa anatia nukta, kabla hazijavaliwa. Moja kwa mke mkubwa, mbili kwa mke mdogo. Hakumwambia mtu."

"Kwa nini?"

"Wangejua, kila mmoja angekuja kutaka nukta tatu."

Nikaomba kioo cha jicho tena. Nukta moja. Nikapangusa. Nukta moja bado. Bibi yangu ndiye mke mkubwa. Saa aliyosema ameiiba kwa mke mdogo, akaivaa miaka yote hiyo na mwiba chini ya titi, ilikuwa yake mwenyewe tangu dukani.

Lilikuwapo jambo moja tu linaloweza kueleza hayo, nami nililiona kwa haraka, kwa sababu wivu hunoa akili kuliko hesabu za shule. Yule wa Tononoka aligundua. Akangoja harusi nyingine, birika jingine. Akachukua ya kwake, akarudisha ya Bibi, akanyamaza.

Fundi aliiosha, akaikausha, akatia mkanda mpya wa ngozi nyekundu iliyoiva, mimi nimekaa kwenye ngazi ya kibanda nikitunga hotuba. Furaha niliyokuwa nayo si ya kusimulia mbele ya watoto. Saa si haki ya watu wa Kizingo! Hakuna cha kurudishwa! Ikiwa ni ya Bibi, basi baada ya Bibi ni ya mke mwenza wake, yaani mimi, na kesi imefungwa. Nilirudi nyumbani nikipita katikati ya njia kama mwenye mji, mwenye mkokoteni akanipigia kelele nikamsalimia kwa heshima.

Nikafungua mlango. Binti wa shangazi alikuwa ameketi mkekani karibu na Bibi, anamkanda magoti.

"Afadhali umekuja, mdogo wangu," akasema. "Nimeleta kitu." Akafungua leso ndogo. Ndani, saa ya kidege. Sawa na ile niliyoshika, ila uso wake ulikuwa umefifia kidogo zaidi na ilikuwa imesimama. "Ilikuwa kwenye kabati la Mama. Ya bibi yangu wa Tononoka. Nimefikiri, kama mimi nachukua ya Bibi, mkono wake usibaki mtupu. Fundi labda ataiamsha."

Angalieni mtu huyu. Unataka kumchukia, yeye anakukandia bibi na kuleta saa ya pili. Nilihisi hotuba yangu inayeyuka, na kwa kuogopa isiyeyuke yote nikaitapika hapo hapo, nimesimama mlangoni na viatu.

"Bibi, hukuiba! Saa ni yako! Ina nukta moja!"

Nikaeleza. Nilieleza vibaya, nikianzia katikati, ikabidi nirudie: fundi, jozi, moja kwa mkubwa, mbili kwa mdogo. Binti wa shangazi alikuwa hajui lolote kuhusu birika, kwa hiyo kwa pumzi moja nikawa nimefichua siri ya Bibi, na nikaona uso wa Bibi ukibadilika, nikajua nimevuka mpaka.

Bibi akanyoosha kiganja. "Lete kisu cha maembe."

Nikaleta. Nikaichukua ile ya Tononoka, nikatia ncha ya kisu pembeni kama nilivyomwona fundi, mgongo ukabanduka na kuruka mpaka chini ya kochi. Binti wa shangazi akautafuta kwa tochi ya simu. Akautazama. "Mbili," akasema, sauti ndogo.

Bibi alikuwa akimtazama Babu ukutani, au kitu nyuma ya Babu. Nikaanza kutafuta mzaha wowote, hata mbovu, sikuupata. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, nikapiga magoti.

Alikuwa anacheka.

"Aliona!" akasema. "Aliona, mwanamke yule! 'Dada, saa yako yasemaje?' Lo! Miaka yote mimi nadhani aniuliza saa!" Akajipiga paja. "Na mimi namjibu! Namjibu kwa adabu, saa kumi na robo, mwenzangu, moyo wanitoka! Na yeye ajua! Ndiyo maana mwezi ule ilianza kunung'unika tena, nikasema ni mvua!" Akapangusa macho kwa upande wa leso. Halafu cheko likakatika, akakunja uso. "Mshenzi mkubwa. Amenishinda. Amekufa ameshinda." Na akaitazama ile saa iliyosimama kwa jicho ambalo nililijua vizuri, kwa sababu nilikuwa nalo mimi usoni tangu Jumamosi.

Nikaona ndio wakati. "Kwa hiyo, Bibi, hakuna cha kurudisha. Saa imebaki kwetu."

"Imebaki kwangu," akasema. Akaichukua ya kwake kutoka mkononi mwangu, akanusa ule mkanda mpya, akamfunga mkononi binti wa shangazi. "Mwanzo nilikuwa narudisha, na kurudisha hakuna thawabu ya maana. Sasa natoa. Nenda kafaulu."

"Bibi!"

"Nini?"

"Na mimi je?" Nilisema kwa sauti niliyokuwa nikiitumia nikiwa na miaka mitano, na sikuweza kuirekebisha.

Binti wa shangazi akanitazama. Sijui aliona nini, lakini hakucheka. Akaisukuma ile ya Tononoka juu ya mkeka mpaka ikagusa goti langu. "Chukua hii wewe. Mama atakubali, nitasema naye. Mimi nimepata ya bibi yako, wewe pata ya bibi yangu."

"Yamfaa," Bibi akasema. "Ya mwenye nukta mbili. Nukta moja ya hila, moja ya wivu. Mpe."

Nikaichukua kwa madaha, kama mtu anayewasaidia kuondoa takataka. Kesho yake alfajiri nilikuwa mlangoni kwa fundi kabla yeye hajafika. Ilikuwa imeganda mafuta tu. Aliiosha, akaitia ufunguo, akaniwekea sikioni, na kile kitu kikaanza kuhema.

Mtihani wake umeshapita na amefaulu, msiulize alama, sitaki kuzitaja. Saa ya kidege ameendelea kuivaa. Ile nyeusi ya kuhesabu hatua ameiacha. Mimi ya kwangu naitia ufunguo kila asubuhi, ishirini na mbili, nikikaa bega kwa bega na Bibi, ambaye sasa hana saa na hunikosoa hesabu. Kila siku inachelewa dakika nne. Ya mwenzangu haichelewi. Nimemuuliza fundi, anasema zote mbili ziko sawa, mashine ni moja, mkono uliounga huenda ni mmoja. Fundi hana masikio. Ya mwenzangu inalia kwa raha.

Ijumaa iliyopita binti wa shangazi alikuja kwetu, tukatawadha pamoja. Tukavua saa tukaziweka juu ya ukingo wa birika, mkanda mwekundu na mkanda mwekundu, maana nami nilitia kama wake, kwa nini nisitie. Nilimaliza kwanza. Nikasimama pale, maji yakidondoka viwikoni. Niliinama, nikaweka sikio juu ya yake, kisha juu ya yangu, kisha tena juu ya yake.

Nikavaa moja, msiniulize ipi, nikatokea ukumbini. Akanifuata akijipangusa uso, mwanya wake wa mbele, ule wa Babu, umefunguka wazi.

"Mdogo wangu," akasema, "saa yako yasemaje?"

"Yasema uende ukasali," nikamwambia, nikauficha mkono ndani ya buibui.